Shubh Kabla ya Labh: Viongozi Wanaochipukia Wajifunze Nini kwa Wafanyabiashara Waliotutangulia



Kamati ya maadhimisho imenipa heshima ya kuandika historia fupi katika kitabu hiki cha kumbukumbu. Mimi si msomi. Niliishia kidato cha nne, kisha nikasimama nyuma ya kaunta ya duka la marehemu baba yangu, na huko ndiko nilikomalizia elimu yangu. Hata hivyo nimekubali kuandika, kwa sababu mwaka huu wazee kadhaa tunang'atuka katika uongozi wa hekalu, nami nakabidhi daftari la mweka hazina. Vijana wanajitokeza kushika nafasi zetu. Wapo pia vijana wa mtaani kwetu, Waislamu na Wakristo, wanaogombea uongozi wa serikali ya mtaa na wa vyama vya ushirika, na baadhi yao huja dukani kuniuliza siri ya kuendesha watu na mali kwa miaka arobaini. Siri sina. Nina habari za watu waliofanya kazi hiyo kwa ukubwa kuliko mimi, wakafaulu, na mahali pengine wakakosea. Naziandika zote mbili, kwa kuwa anayesimuliwa mafanikio peke yake hurudia makosa.

Nianze na jambo ambalo majirani huliona kila mwaka wakati wa Diwali bila kuelezwa maana yake. Siku hiyo wafanyabiashara wa Kigujarati hufanya chopda pujan, yaani ibada ya madaftari ya hesabu. Daftari jipya huwekwa mbele ya Lakshmi na Ganesha, likapakwa rangi nyekundu, na maneno mawili huandikwa: Shubh na Labh. Shubh maana yake ni heri, na Labh maana yake ni faida. Marehemu baba alinifundisha kwamba mpangilio wa maneno hayo ndio somo lenyewe. Heri hutangulia, faida hufuata. Anayeligeuza neno la pili kuwa la kwanza atapata faida kwa muda, kisha daftari litamshitaki.

Mfanyabiashara wa kwanza ninayetaka kumtaja ni Jairam Shivji, Mbhatia kutoka Mundra katika nchi ya Kutch. Kuanzia miaka ya 1830 alishika forodha ya Zanzibar kwa niaba ya Sayyid Said. Utaratibu ulikuwa huu: mshika forodha alimlipa mtawala kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka, naye akakusanya ushuru bandarini na kubaki na ziada. Mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za Wamarekani, na majora ya merikani yaliyovaliwa hadi bara ya mbali yalipita mbele ya makarani wa Jairam. Nyumba yake ya biashara ilikuwa pia benki ya mji. Misafara ya pembe ikikopeshwa, waliokopesha walikuwa watu wa namna hiyo, na watawala wenyewe wakawa wadaiwa wake. Aliporudi Kutch, nyumba hiyo iliendelea kusimama Zanzibar chini ya Ladha Damji.

Kijana ajifunze nini hapo? Ajifunze kwamba watu hawa hawakuwa na jeshi wala cheo cha utawala. Nguvu yao ilikuwa daftari lililoandikwa sawasawa na neno lisilogeuka. Waswahili walikwisha kulisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mtu akijulikana kuwa hesabu yake haina mkono wa pili, hata mfalme humkabidhi mlango wa nchi yake.

Lakini historia ya kweli haiishii hapo, nasi hatutaificha katika kitabu cha hekalu. Forodha ile ilitoza ushuru wa karafuu na pembe, na ilitoza pia ushuru wa watumwa. Wafanyabiashara wa Kihindi walikopesha fedha kwa rehani ya mashamba pamoja na watu waliolimishwa humo, na wengine walimiliki watumwa wenyewe. Mwaka 1860 balozi mdogo wa Uingereza, Rigby, aliwaachisha huru maelfu ya watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi wa Zanzibar, na soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 wakati wa Sayyid Barghash. Daftari lilikuwa safi kwa tarakimu, lakini ndani yake walikuwamo wanadamu walioandikwa kama mizigo. Hili nalo ni somo la uongozi. Hesabu sahihi haitoshi. Kiongozi aulize pia kilichohesabiwa ni nini, na nani amekilipia.

Wa pili ni Allidina Visram, Mwismailia, naye pia mwana wa Kutch. Aliletwa pwani yetu akiwa kijana mdogo, akajifunza kazi Bagamoyo katika biashara ya misafara chini ya Sewa Haji Paroo. Reli ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, aliona jambo ambalo wengi hawakuliona: kila kambi ya wajenzi ingehitaji unga, chumvi, sukari na nguo. Akafungua maduka kuifuata reli hadi ilipofika ziwani mwaka 1901, kisha akavuka hadi Uganda. Alikuwa na makumi ya maduka, yaliyoendeshwa na vijana aliowaleta, akawafundisha na kuwaamini. Wengi waliotajirika baadaye Afrika Mashariki walianza wakiwa makarani wake. Mkulima asiyekuwa na fedha aliweza kuleta ufuta, ngozi au pamba, akarudi na nguo. Kwa njia hiyo duka lilikuwa soko la kununulia na la kuuzia pia.

Somo la kwanza la Visram ni kumwendea mtu aliko. Hakukaa Mombasa kusubiri wateja wapande treni. Kiongozi anayesubiri wananchi waje ofisini hupata habari zilizopoa. Somo lake la pili linauma zaidi. Alifariki mwaka 1916, na himaya ile haikudumu muda mrefu baada yake. Nyuzi zote zilikuwa zimeshikwa na mkono mmoja, na mkono ule ulipoachia, nguo ikafumuka. Kinachobaki leo ni shule ya sekondari ya Mombasa yenye jina lake, iliyojengwa na mwanawe kwa kumbukumbu ya baba. Maduka yamekwisha, shule inafundisha hadi leo. Kila mjumbe wa kamati anayedhani kwamba hekalu haliwezi kwenda bila yeye aitafakari shule ile.

Wa tatu ni Nanji Kalidas Mehta, aliyezaliwa mwaka 1887 katika kijiji cha Gorana, karibu na Porbandar. Aliondoka kwao kwa jahazi akiwa bado mtoto. Biashara zake za mwanzo hazikuwa nyepesi. Alipata hasara, akarudi nyumbani, akavuka bahari tena. Alifungua duka Kamuli katika nchi ya Busoga, akaingia katika pamba, na mwaka 1924 akaanzisha kiwanda cha sukari Lugazi nchini Uganda. Mtu aliyekuwa akipima chumvi kwa kibaba akawa mwenye mashamba ya miwa na mashine za kusaga miwa hiyo.

Alichofanya na mali yake ndicho kilichomweka katika historia. Porbandar alianzisha shule ya bweni ya wasichana katika miaka ya 1930, wakati ambapo wazazi wengi wa Kigujarati waliona kumsomesha binti ni kupoteza ada. Nyumba aliyozaliwa Mahatma Gandhi mjini humo, Mehta aligharimia kando yake jumba la kumbukumbu liitwalo Kirti Mandir, lililofunguliwa mwaka 1950, lenye kimo cha futi 79 kuashiria miaka ya maisha ya Gandhi. Na huku kwetu Afrika Mashariki aliunga mkono taasisi ya kumbukumbu ya Gandhi iliyounganishwa na chuo cha ufundi cha Nairobi, ambacho baadaye kilikuwa chuo kikuu. Wazee wetu waliuita utaratibu huo dharmada: sehemu ya mapato hutengwa kwa ajili ya wema kabla mwenye duka hajajihesabia faida yake. Hakungoja kutajirika kwanza. Mwenye duka la chumba kimoja naye alitenga.

Wa nne ni Muljibhai Madhvani. Alifika Uganda mwaka 1908 akiwa kijana wa miaka kumi na minne, akafanya kazi katika maduka ya jamaa zake, na mwaka 1930 kiwanda chake cha sukari kilianza kazi Kakira, karibu na Jinja. Kakira haikuwa kiwanda tu. Ulikuwa mji wenye nyumba za wafanyakazi, shule na hospitali. Alifariki mwaka 1958, na tofauti na Visram, aliacha wana waliokwisha kufundishwa kazi, wakiongozwa na Jayant, wakaipanua kampuni kuliko alivyoiacha.

Nikiishia hapa, nitakuwa nimewaandikia sifa, na sifa si historia. Turudi kwenye mizani.

Katika miaka ile ile ambayo wenzetu walijenga viwanda, mkulima wa pamba aliyesimama mbele ya mizani ya mnunuzi hakuwa na njia ya kujua kama anapunjwa. Wapo waliompunja. Si wote, lakini walitosha kuharibu jina la wote. Buganda ilifanya ghasia mwaka 1949, na miongoni mwa madai ya wakulima ilikuwamo haki ya kuchambua pamba yao wenyewe. Mwaka 1959 maduka ya Wahindi huko Buganda yalisusiwa. Huku kwetu Usukumani manung'uniko yalikuwa ni yayo hayo: mawe ya mizani, kidole cha mnunuzi, na hesabu inayosemwa haraka ili isieleweke.

Kutokana na manung'uniko hayo alitokea kiongozi ambaye vijana wa mji huu wanapaswa kumsoma, marehemu Paul Bomani. Hakuanza kwa hotuba. Alianza kwa hesabu, akifanya kazi na ushirika wa wafanyabiashara Waafrika hapa Mwanza, kisha akawakusanya wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa. Wakulima wakaweka wapimaji wao wenyewe katika magulio ili kila mzigo upimwe mbele ya mtu wanayemwamini. Mwaka 1955 vyama vyao viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, na katika miaka michache shirikisho hilo likawa miongoni mwa vyama vya ushirika vikubwa kabisa barani Afrika, likinunua pamba na kumiliki jineri zake. Bomani baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa nchi yetu, na balozi wetu Marekani.

Nimemweka Bomani katika orodha moja na Visram na Mehta kwa makusudi. Ushirika nao ni biashara. Una mtaji, mizani, bohari na mahesabu ya mwisho wa msimu. Bomani alijifunza biashara kwa kuangalia mahali ambapo wafanyabiashara walikuwa wamewaumiza watu, akajenga hapo hapo. Sisi watoto wa wenye maduka tuna deni la shukrani kwake, kwa kuwa alituonyesha kosa ambalo sisi wenyewe hatukutaka kuliona.

Nasema hivyo nikiwa na ushahidi wa nafsi yangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, nchi ilikuwa na uhaba mkubwa. Sukari, sabuni, mafuta ya kula, vyote vilikuwa vya kutafutwa. Duka letu lilikuwa katika kijiji cha pamba, nami nilikuwa kijana niliyejiona mjanja. Baba alikuwa amesafiri, na tulikuwa tumepata magunia mawili ya sukari. Gunia moja nikaliuza kwa foleni. La pili nikalificha chumba cha nyuma chini ya majora ya nguo, nikimngojea mtu ambaye angelipa mara tatu ya bei. Jioni akaja mama mmoja jirani, ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nikicheza na wanawe. Mtoto wake alikuwa akihara, na mhudumu wa zahanati alikuwa amemwelekeza kuchanganya maji yaliyochemshwa na sukari na chumvi. Aliomba robo kilo. Nikamwambia hakuna. Hakubisha. Alinishukuru, akaondoka.

Baba alirudi kesho yake, akainua majora, akaliona gunia. Nilipomweleza yote, hakunipiga wala hakupaza sauti. Alipima kilo mbili, akanibebesha, tukaenda kwa miguu hadi nyumbani kwa yule mama. Baba akamwambia mbele yangu kwamba sukari ilikuwapo jana na mwanawe alidanganya. Mtoto, kwa rehema ya Mungu, alikuwa ameanza kupata nafuu. Jirani mwingine alikuwa amewapa sukari aliyoiweka kwa ajili ya chai ya matanga. Sukari ya baba ilipokewa kwa adabu. Lakini tangu siku ile mama yule hakununua tena kwangu. Aliponikuta kaunta peke yangu alipita, akasubiri baba awepo. Hali hiyo iliendelea kwa miaka minne, mpaka baba alipofariki, na mama yule akaja msibani kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikaa na mama yangu siku zote za maombolezo. Siku ya mwisho aliniambia nimpimie robo kilo ya sukari. Nilipima huku mkono ukinitetemeka.

Hayo ndiyo niyajuayo kuhusu imani ya watu. Hupotea kwa robo kilo, na hurudi kwa miaka.

Sasa turejee Uganda. Mwezi Agosti mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na makumi ya maelfu wakaondoka na masanduku waliyoweza kuyabeba. Manubhai Madhvani, mdogo wake Jayant aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia, alifungwa katika gereza la kijeshi la Makindye kabla ya kutoka nchini. Ulikuwa udhalimu wa rangi, na Mwalimu Nyerere aliulaani waziwazi. Hakuna kosa la mizani linaloweza kuhalalisha kumfukuza mtoto katika nchi aliyozaliwa. Hata hivyo wazee waliopita katika tanuri lile wameniambia kwamba swali lililowauma zaidi lilikuwa kwa nini mitaa mingi ilinyamaza. Tuliishi karibu na watu, lakini je, tuliishi nao?

Jibu moja lilipatikana baadaye. Familia ya Mehta ilirudi Lugazi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Manubhai alirudi Kakira mwaka 1985. Walikuta mashamba yamegeuka pori na mitambo imeharibika. Kilichowasaidia kuanza upya, pamoja na mtaji, ni kwamba walikuwapo watu waliokumbuka kazi, shule na hospitali zilizokuwapo, na waliotaka virudi. Kiwanda kinaweza kuporwa. Kumbukumbu ya wema haina mlango wa kuvunjwa.

Kwa vijana mnaotaka uongozi, wa hekalu, wa mtaa au wa ushirika, naomba niyakusanye niliyosema. Anzeni chini, kama walivyoanza Visram na Madhvani wakiwa makarani, kwa kuwa asiyewahi kufagia ghala hajui mahali panya anapoingilia. Andikeni hesabu, na hesabu zisomwe mbele ya watu. Hekalu letu halina sababu ya kuficha daftari lake kwa waumini wake. Mweke mpimaji upande wa pili wa mizani, msisubiri watu walalamike. Mfundisheni atakayewarithi tangu mwaka wa kwanza wa uongozi wenu. Na dharmada itengwe kwanza, si mwisho.

Nina ombi moja la kukabidhi pamoja na daftari. Nje ya ukuta wa hekalu letu lipo bomba la maji, ambalo waasisi waliliweka kwa ajili ya majirani. Katika vikao vya mwaka huu baadhi yetu wamependekeza lifungwe, kwa sababu ankara ya maji imepanda. Nimezipiga hesabu hizo mwenyewe kama mweka hazina, na si uongo, gharama imepanda. Lakini kabla kamati mpya haijapiga kura, nawaomba mambo mawili. Kwanza, waalikwe majirani wawili wanaolitumia bomba hilo wakae nasi mezani, waione ankara, tuzungumze nani achangie nini. Pili, ukurasa huo wa daftari ufunguliwe kama tunavyoufungua siku ya Diwali, na maneno yasomwe kwa mpangilio wake.

Mungu awabariki waasisi waliotutangulia, awalinde majirani waliotuvumilia, na awajalie vijana wetu mkono usiotetemeka mbele ya mizani.